Kidonda cha Kukalia

Mukarugwiza alizaliwa katika nyumba ya magodoro. Baba yake alikuwa fundi wa matela, kama watu wa Kamembe wanavyoyaita. Alianza na yale ya majani makavu ya migomba, yakaja ya pamba na ya sufi, na mwishowe yakaja ya sponji, ambayo wenye uwezo waliyatoa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wakayapitisha sokoni kichwani makusudi ili waonekane. Wasichana wenzake wa mtaa wa Waislamu walijifunza kusuka na kupaka hina. Yeye alikua na nyuzi za pamba nywelini, akijua kwa kushika tu kwamba pamba hunywa maji, sufi huyakataa, na sponji huyashika yote mpaka uikamue.

Aliolewa Bugarama, akarudishwa. Hakuzaa, na mume hakuwa na subira. Aliporudi Kamembe wazazi wote wawili walikuwa wameshazikwa. Alimkuta kaka yake mkubwa, Harelimana, mwenye duka dogo karibu na stendi, na mdogo wao wa mwisho, Kamali, utingo wa lori la mbao. Habari za Bugarama hakumweleza mtu. Alivuta meza ya baba yake kibarazani, akatafuta sindano ndefu, akaanza kushona.

Kamali alikuwa mtu wa kelele. Lori likiingia mjini ungemsikia kabla hujaliona, ananing'inia nyuma akiimba rumba za ng'ambo, anawatania wauza ndizi, nao wanamtukana kwa kicheko. Siku moja ya mvua kubwa, kwenye barabara ya Bweyeye inayopita kando ya msitu, lori liliteleza likalala ubavu na mbao zikamwangukia mgongoni. Watu walisema amepona, kwa kuwa hakufa. Lakini toka kiunoni kwenda chini mwili ulibaki kuwa wake kwa macho tu. Ungeweza kumchoma sindano pajani huku anakusimulia habari za mpira.

Alilala chali msimu wa mvua ukaisha, kiangazi kikaja, mvua zikarudi. Nyimbo ziliisha. Rafiki zake wa lori walikuja mara mbili tatu, kisha hawakuja tena. Mukarugwiza alimwogesha, akamgeuza, akamlisha. Siku moja alimkuta analia kimya, machozi yanateremka yakiingia masikioni.

"Yaya," Kamali alimwambia, kama anavyoitwa ndugu mkubwa kwao, "miye nimechoka kuangalia mabati. Bantu banasahau muntu mwenye analala."

Kisha kikaja kigari. Watu wa msaada waligawa vile vigari vya magurudumu matatu vinavyoendeshwa kwa kuzungusha mikono, na Kamali akapata kimoja. Mabega yake yalikuwa bado ya utingo. Wiki haikupita alikuwa ameshajua kuteremka nacho mpaka Rusizi ya Kwanza, kwenye daraja la mpaka, na kurudi. Mukarugwiza alimsikia anaimba kabla hajakata kona ya nyumba. Alisimama kibarazani na sindano mkononi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Pale mpakani mzigo wa mlemavu haukusumbuliwa kama mzigo wa mtu mwenye miguu yake. Ilikuwa huruma tu, desturi ya watu wa darajani. Lakini wafanyabiashara wana pua, na huruma waliinusa kama paka anavyonusa samaki. Wakaanza kumpakilia Kamali: unga na sabuni kwenda Bukavu, vitenge na viatu kurudi. Kigari kiliongezwa vyuma nyuma, na mbao juu ya vyuma. Vijana walisukuma, Kamali akashika usukani na kukaa juu ya kila kitu kama mwali anayepelekwa kwa mume.

Aliyepanga mambo hayo yote ni Harelimana. Kusema kweli hakuanza kwa ubaya. Alisema mdogo wake amepata kazi, na mwanamume akikosa kazi huoza. Lakini duka lake dogo likawa duka kubwa, na nyumba yake ikapata saruji na mageti, na Kamali bado alilala chumba kilekile kwa dada yake.

Ilikuwa harufu iliyomwambia Mukarugwiza. Alikuwa anafua kitambaa cha kiti cha kigari, akaona doa la njano lenye ukingo wa kahawia, akalinusa. Alimlaza Kamali kifudifudi, akamvua. Kwenye tako la kushoto, pale mfupa unapokutana na kiti, palikuwa na shimo ambalo ungeweza kulitia yai.

"Kamali! Tangu lini?"

"Nini?"

"Hii kidonda!"

"Kidonda gani? Sisikii kitu."

Na hakudanganya. Nyama yake ilikuwa inaoza chini yake huku yeye akipiga miluzi darajani.

Waliomba nafasi kwenye gari la wazi la muuza viazi mpaka Mibirizi, hospitali ya misheni, na huko wakapokewa na muuguzi aitwaye Antoinette, mwanamke mfupi asiyependa kupoteza maneno. Alisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, kisha akatoa kabatini kipande cha bandeji kilichofungwa kwenye karatasi inayong'aa.

"Hizi zililetwa na wageni," alisema. "Nimebaki nazo mbili. Zikiisha zimeisha. Moja nitamwekea. Hii nyingine itazame, Maman, umesema weye ni fundi wa matela, utaelewa."

Mukarugwiza akaigeuza mkononi. Ndani palikuwa na utando laini usioshika nyama, juu yake nyuzi zinazonyonya, juu ya nyuzi sponji nyembamba nyeupe, na nje kitu kama ngozi. Lilikuwa godoro. Godoro dogo la kidonda.

"Ninaweza kushona hii."

"Unaweza. Lakini sikia." Antoinette alimshika kiganja. "Kitambaa cha ndani ukichemshe, ukianike juani, ukipake vazelini safi. Sponji isiguse nyama kamwe. Ikigusa, nyama inaota ndani ya matundu yake, na siku ya kuitoa utaitoa pamoja na nyama. Na jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza: bandeji haiponeshi hiki kidonda. Bandeji inakitunza tu. Kinachoponesha ni kutokukalia. Alale kifudifudi mpaka pafungike. Akikalia, hata umfunge na dhahabu."

"Nimesikia, Maman."

"Sema tena."

"Asikalie."

Wakarudi nyumbani, na Kamali akalala kifudifudi, kidevu juu ya mto, akitazama sakafu badala ya mabati. Mukarugwiza aliyafanya aliyofundishwa. Alichana kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, akazichemsha kwenye sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine, akazianika kwenye kamba iliyo mbali na vumbi. Pamba aliichambua mwenyewe, uzi kwa uzi, akitupa kila mbegu. Sponji aliikata kwa wembe kutoka kwenye matela mapya, kamwe si kwenye chakavu, akaiosha na kuikausha. Alipanga tabaka juu ya tabaka, akashona kingo kwa mkono ili zisitambae. Tabaka la sponji alilitoboa katikati, kama kitumbua kilichokosa tumbo, ili uzito usiangukie jeraha hata akigeuka vibaya usingizini.

Kidonda kikaanza kufungika. Kwanza kilibadilika rangi, kutoka kijivu hadi wekundu wa nyama hai, kisha kikajaa kutoka chini kwenda juu. Alikuwa akifungua bandeji kila asubuhi kama mtu anayefungua chungu kuona maharagwe yameiva kiasi gani. Antoinette alipoonyeshwa alisema neno moja tu, "Endelea," na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sifa.

Kilipobaki ukubwa wa kifungo cha koti, Harelimana akaja. Alikuwa amekuja mara chache siku zile, na kila mara alisimama mlangoni. Safari hii aliingia, akaketi, akamwomba dada yake amwonyeshe hiyo bandeji inayosifiwa mtaani. Akaiminya kwa kidole gumba. Ikabonyea, ikarudi.

"Hii ni kiti kabisa," alisema. "Ukitengeneza nene kidogo, anakaa juu yake bila shida."

"Muuguzi alisema asikalie."

"Muuguzi ndiye anatulisha? Wale wafanyabiashara wameshaanza kutafuta mwingine. Wakimpata, Kamali atarudi kuangalia nini? Sakafu?"

"Aende akaoze, basi?"

"Usinisingizie maneno. Mimi ni kaka yake."

Mukarugwiza alikataa, na angekataa mpaka kesho yake na kesho kutwa. Aliyemshinda hakuwa Harelimana. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mwanamke aitwaye Nabintu, mjane kijana aliyeuza samaki wakavu, ambaye Kamali alimpitia kila safari. Nabintu hakumwonea huruma. Alimgombeza akichelewa na kumcheka akijisifu, na Kamali hakuwa amegombezwa na mwanamke tangu ajali. Harelimana alipoondoka, Kamali aligeuza uso kutoka kwenye mto.

"Yaya. Nabintu hatangojea mwanaume wa kulala kifudifudi."

"Akikupenda atangojea."

"Weye ulingojewa?"

Hilo lilimchoma, na Kamali alijua litamchoma. Baadaye aliomba radhi. Lakini aliomba radhi kisha akaomba na bandeji: ndogo tu, ya kujaribu, siku moja kwa wiki. "Niko muntu bado, Yaya," alimwambia. "Kwenye kile kigari niko muntu. Hapa niko mzigo."

Mukarugwiza alikaa na maneno hayo siku nzima, akishona godoro la bibi harusi ambalo alilikosea mara mbili. Na lazima tuseme na hili pia, maana lilikuwemo: mikono yake nayo ilitaka. Alikuwa ameshaona kichwani jinsi ya kuifanya, tabaka la sufi chini ya sponji ili unyevu usishuke kitini, pamba maradufu, tundu pana zaidi. Fundi akishaona kitu kichwani hulala nacho. Akaishona.

Ikafanya kazi. Hilo ndilo lililokuja kumtesa kuliko yote. Kama ingeshindwa siku ya kwanza, ikaloa na kunuka, Kamali angerudishwa kitandani. Lakini haikuloa. Kamali alikwenda, akarudi jioni mkavu, anaimba, na mkono wa Nabintu umemfungia samaki kwenye jani. Siku moja kwa wiki ikawa tatu, na tatu ikawa kila siku isipokuwa Ijumaa. Kile kidonda cha kifungo kikabaki kifungo, hakiongezeki, hakipungui. Mukarugwiza alikitazama kila asubuhi akajiambia kwamba maadamu hakikui, Mungu amekubali.

Walemavu wengine wa darajani wakasikia. Wakaanza kuja kibarazani mmoja mmoja, wengine wakijikokota, kila mtu na kidonda chake alichokuwa akikificha kwa mkewe. Mukarugwiza aliwafunga wote. Kila mmoja alimwambia aliyoambiwa na Antoinette, kwamba asikalie, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa, akapanda kigari chake. Watu walimwita Maman Bandeji. Wanawake waliokuwa wakimwita tasa kwa siri walianza kumpisha njia. Alifurahi. Kwa nini asifurahi?

Alikuja kushuka darajani siku moja kumpelekea Kamali dawa aliyoisahau, akaona kwa macho yake. Vigari vilipangwa foleni, na mizigo ilikuwa imepanda kuliko alivyowahi kuona, magunia juu ya magunia, na juu kabisa watu wake, aliowafunga kwa mkono wake, wamekaa wima. Mfanyabiashara mmoja alimpiga kofi la urafiki mgongoni mmoja wao akasema, "Siku hizi munakaa kutwa nzima! Zamani ilikuwa saa sita munalia." Akacheka, na yule mlemavu naye akacheka. Mukarugwiza alisimama pembeni, vijaluba vya dawa mkononi. Alimwita Kamali. Kamali alimpungia kutoka juu, akapita, mbao za daraja zikigonga chini yake.

Jioni ile alimwambia, "Kesho hauendi."

"Kesho kuna mzigo wa Yaya Harelimana."

"Nimesema hauendi. Sitakufunga."

"Basi nitajifunga."

Na akajifunga, vibaya, na akaenda. Siku iliyofuata Mukarugwiza akamfunga mwenyewe, maana kuona bandeji imekaa upande kulikuwa kubaya zaidi.

Homa ilianza msimu wa mvua za masika. Kamali alitetemeka akasema ni malaria. Alipewa dawa ya malaria, homa ikashuka, ikapanda tena. Kidonda kilikuwa bado ni kifungo. Lakini Mukarugwiza alipobonyeza kando yake, mbali kabisa na mdomo wa jeraha, usaha ulitoka kwa nguvu ukamrukia kwenye kanga.

Walipofika Mibirizi, Antoinette alichukua kijiti cha chuma chembamba, akakiingiza kwenye kile kifungo. Kijiti kikaingia, kikazidi kuingia. Kilipogonga mfupa, kililia. Mukarugwiza alisikia sauti ile. Kamali peke yake hakusikia kitu. Alikuwa anaweweseka, anamwita Nabintu amletee maji.

"Juu palifungika, chini pakaendelea," Antoinette alisema. Aliokota bandeji iliyotolewa, akaipima mkononi, akatazama mshono wake. "Nani alimkalisha?"

Mukarugwiza alinyoosha mkono aichukue bandeji ile.

"Hii ni kazi nzuri," Antoinette alisema, bila kejeli, na kwa sababu hapakuwa na kejeli Mukarugwiza alitamani angepigwa.

Walimfungua, wakamwosha kidonda, wakampa dawa za kupitia mishipani. Nabintu alivuka mpaka akaja, akakaa upande wa pili wa kitanda. Alimwuliza Mukarugwiza swali moja: "Mbona hakuniambia? Ningekuja miye huku." Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu wa pwani. Lakini Kamali hakuficha peke yake. Alifichiwa, na vizuri.

Kamali alikufa siku ya Alhamisi. Wanaume waliokuja kumwosha walituma mtu mlangoni kuuliza: ile bandeji iliyo mwilini waiache au waitoe? "Itoeni," Mukarugwiza alisema. Wakaileta imefungwa kwenye kitambaa, wakampa, kana kwamba ni kitu cha ukumbusho. Aliitupa chooni.

Harelimana alilia kaburini kwa sauti kubwa, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Baada ya dua alisimama akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyempa mdogo wake kazi, asife kama ombaomba. Watu wakaitikia amina. Mukarugwiza, alipokuwa kati ya wanawake, aliambiwa hayo maneno na jirani, akauliza tu, "Amesema hivyo?" Matanga hayajaanuliwa, kigari hakikuwepo tena uani.

Aliyepewa alikuwa Buhendwa, mtu wa ng'ambo, aliyekatika miguu yote miwili juu ya magoti. Harelimana hakuja mwenyewe kuomba bandeji, aliona haya. Alimwacha Buhendwa aje. Alifika kibarazani akiwa juu ya kigari cha Kamali, mtu mpole, mwenye ndevu za mvi, akasalimia mara mbili kabla hajaitikiwa.

"Maman, banasema weye ndiye unajua. Nimeanza kupasuka huku chini."

"Wanakudanganya. Kalale kifudifudi. Ukilala nitakufunga mpaka upone. Ukikaa sikufungi."

"Nikilala, batoto banakula nini?"

"Sijui, Papa. Hilo sijui."

Buhendwa alishukuru, akageuza kigari. Hakuna aliyemrudisha, na Mukarugwiza alikaa na sindano yake akiamini kwamba safari hii amefanya ilivyompasa.

Kabla ya mwezi kuandama alimwona tena sokoni. Kigari kilikuwa kimepakiwa, na Buhendwa amekaa ameegemea upande mmoja, uso umebadilika rangi. Harufu aliitambua kutoka mbali. Alimlazimisha arudi naye nyumbani, akamlaza, akafungua. Kuna fundi wa viti vya magari aliyekuwa ameiga kazi yake: alikata sponji ya godoro kuukuu, akaibandika kavu juu ya nyama, akaifunga na kamba ya mpira. Hapakuwa na kitambaa wala pamba. Nyama ilikuwa imeota ndani ya matundu, kama Antoinette alivyosema. Mukarugwiza aliilowesha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaitoa kidogo kidogo hadi adhuhuri. Buhendwa, ambaye tofauti na Kamali alikuwa na hisia zote kule nyuma, aliuma kanga aliyopewa mpaka akaitoboa.

Alipomaliza alitoka nje, akaosha mikono, akaiosha tena. Kisha akachukua wembe na sponji mpya.

Hadi leo anawashonea. Anaweka pamba maradufu, sufi chini, tundu pana, na kila mmoja anamwambia asikalie, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Aliwawekea sharti kwamba Ijumaa walale kifudifudi kwake kutwa, kwenye matela aliyoyatandika sebuleni. Wengine huja. Buhendwa huja mvua isiponyesha na mzigo usipokuwa mwingi. Na Harelimana, wakikutana njiani, humsalimia dada yake vizuri, humwuliza hali, humwambia watu wa darajani wanamshukuru sana.

"Nimesikia," Mukarugwiza hujibu, akapita.